Shajara ya mradi: Kumleta Poprishchin kwenye Kiswahili

7 Januari 2024: Mwanzo

Nimeanza kutafsiri hadithi fupi ya Nikolai Gogol, mwandishi wa Kirusi, inayojulikana kwa Kiingereza kama "Diary of a Madman", ile ya karani mpweke wa St. Petersburg anayeandika shajara siku kwa siku mpaka anajikuta mfalme wa Hispania. Ilichapishwa mwaka 1835, Gogol akiwa na miaka 25, na maisha ya ofisini aliyajua, maana aliwahi kuwa karani mdogo katika mji huohuo. Mhusika wake anaitwa Aksenty Ivanovich Poprishchin. Ana miaka 42, hana mke wala rafiki, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuchonga kalamu za unyoya chumbani kwa mkurugenzi.

Sababu yangu ni ya nyumbani. Baba yangu mdogo naye alikuwa karani. Alipostaafu alibaki peke yake kwenye chumba cha kupanga hapa Tanga, na miaka yake ya mwisho aliishi mahali ambapo sisi wengine hatukuweza kuingia. Hadithi hii niliisoma mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi Voronezh, Urusi, tukaicheka bweni zima. Nikairudia baada ya kumzika baba mdogo, na sikuona tena pa kuchekea. Nataka shangazi, dada yake, aipate kwa lugha yake.

Natafsiri moja kwa moja kutoka Kirusi. Gogol alifariki mwaka 1852, kwa hiyo hakuna mtu wa kuombwa ruhusa. Gharama hadi leo: kuchapa maandishi ya Kirusi, kurasa 18 kwa shilingi 200, jumla 3,600. Daftari mbili, 3,000. Mwalimu mmoja wa Kiswahili amekubali kunisomea rasimu kwa 60,000, nusu nimeshampa.

21 Januari: Kosa la saa

Siku mbili za kwanza, za Oktoba, zimekamilika. Kosa limetokea kwenye ukurasa wa kwanza kabisa.

Poprishchin anaamka amechelewa. Mavra, mtumishi wake, anamletea viatu, naye anamuuliza ni saa ngapi. Anaambiwa kumi imeshagonga zamani. Nikaandika "saa kumi". Nilipita hapo mara tatu nisione kitu, hadi mwalimu aliponiuliza, "Huyu mtu anakwenda ofisini alasiri?" Kwa saa zetu ni saa nne asubuhi.

Ni neno moja, lakini lilikuwa limebomoa hadithi. Siku hiyohiyo Poprishchin atasikia mbwa wawili wakizungumza barabarani. Akishaonekana wa ajabu tangu anapoamka, mbwa hawatamshtua msomaji. Asubuhi ya kwanza lazima awe mtu kama mimi na wewe, amechelewa kazini na anamwogopa mkuu wake. Nimezitafuta saa zote kwenye hadithi, nikaziandika pembeni kwa hesabu yetu. Mwenye kutaka kuifanya kazi hii aanze na hilo kabla hajatafsiri sentensi moja.

La pili ni jinsi mkuu wa idara anavyomsemesha. Kwa Kirusi anamwita kwa neno lililotokana na "kaka", lakini lina kumdogosha ndani yake. Niliweka "ndugu". Haikukaa, "ndugu" yetu ina heshima, ina hata harufu ya mkutano wa kijiji. Nimebadilisha kuwa "bwana mdogo". Mtu wa miaka 42 akiitwa bwana mdogo mbele ya wenzake, huhitaji kueleza zaidi.

4 Februari: Daraja la tisa

Wiki mbili nzima zimeliwa na cheo kimoja. Mwaka 1722 Petro Mkuu alipanga watumishi wa dola ya Urusi katika madaraja 14, na Poprishchin yuko la tisa. Tafsiri ya neno kwa neno ni "mshauri wa cheo". Mwalimu akauliza anamshauri nani. Hamshauri mtu. Nikajaribu "karani mwandamizi", ikawa kama nimempandisha cheo bila barua.

Maana imejificha kwenye namba. Wakati huo daraja la nane ndilo lililompa mtu uungwana wa kurithisha wanawe, kwa hiyo mlango wa kutoka la tisa ulibanwa, na makarani wengi walizeekea hapo. Poprishchin anajitetea kwamba yeye ni muungwana tayari kwa kuzaliwa, na bado anakaa hapohapo, chini ya ngazi moja. Nimeamua kuandika "mtumishi wa daraja la tisa" kila mahali, na mara ya kwanza nimeongeza vijineno vitatu, "chini ya waheshimiwa". Sipendi kuongeza maneno ya mwandishi, lakini maelezo ya chini ya ukurasa yangemtoa msomaji nje ya kichwa cha Poprishchin, na humo ndimo ninapotaka akae.

18 Februari: Kitanda

Hili limeniumiza kwa sababu nililiharibu huku nikidhani natengeneza.

Katika siku zile za mwanzo kuna sentensi inarudi na kurudi. Amekwenda ofisini au hakwenda, amemwona binti wa mkurugenzi au hakumwona, kisha anaandika kwamba nyumbani muda mwingi alikuwa kitandani. Nilivyofundishwa shuleni, kurudia maneno ni udhaifu wa insha. Basi nikampa kila mara msemo mpya: mara amepumzika, mara amejinyoosha, mara amejitupa kitandani. Nilipousoma ukurasa kwa sauti nikaona nimempa maisha yenye mabadiliko. Hana. Siku zake zinaishia mahali pamoja kwa maneno yaleyale, na yeye mwenyewe hajagundua kwamba ameshaandika hivyo juzi na jana.

Nikarudi kwenye sentensi moja: "Muda mwingi nililala kitandani." Tatizo jingine likaibuka. Kulala kwetu ni kujilaza na ni kusinzia pia, na mtu anayelala usingizi mchana kutwa ni mchovu au mgonjwa. Poprishchin yu macho. Anaangalia dari. Baba mdogo alikuwa hivyo. Ukigonga mlango unasikia kitanda kinalia, kwa hiyo unajua hajalala, ila hafungui.

Sentensi niliyobaki nayo ni "Muda mwingi nilikuwa kitandani, macho wazi." Hayo macho ni yangu, Gogol hakuyaandika. Nimeyaweka kwa sababu Kiswahili hakikunipa kitenzi chenye kujilaza bila usingizi ambacho kingesomeka kirahisi mara zote. Nimeiandika kwenye karatasi ukutani ili nisiibadilishe tena hata herufi.

10 Machi: Mbwa wawili

Medji ni mbwa wa Sophie, binti wa mkurugenzi. Fidèle ni rafiki yake. Poprishchin anawasikia wakisalimiana mvua ikinyesha, anashangaa, kisha anajituliza: mambo hayo yapo, watu wanasema kuna samaki wa Uingereza aliyeibuka akasema maneno mawili, na magazeti yameandika kuhusu ng'ombe wawili walioingia dukani wakaomba ratili ya majani ya chai. Baadaye anakwenda alikokaa Fidèle, anafukua kwenye kikapu cha mbwa, anatoka na kifurushi cha barua.

Kosa langu hapa lilikuwa neno "shoga". Kwetu pwani ndivyo mwanamke anavyomwita mwenzake wa moyoni, na barua za Medji zina sauti hiyohiyo ya bibi wa nyumba kubwa mwenye nafasi ya umbeya. Lakini msomaji wa bara ana maana nyingine kichwani. Nimeweka "mwenzangu". Limepoa kidogo, nakiri.

Nilikosea pia kwa kumfanya Poprishchin ashangae kila anapofungua barua. Kirusi hakina hilo. Anapoanza kusoma, anakosoa uandishi: mtiririko haulingani, inaonekana wazi aliyeandika si mtu. Anasahihisha insha ya mbwa, wala hajiulizi mbwa alishikaje kalamu. Nimefuta mshangao wote niliouongeza, na ukurasa umekuwa wa kutisha zaidi kwa kuwa umetulia.

Nimehesabu: katika shajara nzima yeye hapokei barua kutoka kwa mtu yeyote. Barua pekee anazozisoma ni za mbwa, na ndani yake ndimo anamokutana na sura yake mwenyewe. Medji anaandika kwamba kuna mtumishi mmoja mwenye jina la ajabu, nywele kama majani makavu, anakaa akichonga kalamu, yuko kama kobe ndani ya gunia, na Sophie akimwangalia hawezi kujizuia kucheka. Nilidhani "kobe ndani ya gunia" itahitaji kurekebishwa. Haikuhitaji chochote.

31 Machi: Nimetupa kurasa 11

Nusu ya pili niliikimbiza, ikaisha ndani ya wiki mbili, nikajisifu. Leo nimeifuta yote.

Niliandika wazimu kama unavyoigizwa jukwaani. Baada ya Poprishchin kujitangaza mfalme, sentensi zangu zilianza kukatika katikati, alama za mshangao zikaja tatu tatu, vicheko vikajaa. Mwalimu alirudisha kurasa akiwa ameandika juu yake swali moja: "Nani anaongea hapa?" Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niliweka Kirusi na Kiswahili changu sambamba, mstari kwa mstari, na nikaona kwamba sarufi ya Poprishchin haikuvunjika popote. Ananyoosha hoja kama karani anayeandaa dokezo.

Fuateni njia aliyopita. Tarehe 5 Desemba amesoma gazeti, na gazeti limesema kweli: kiti cha Hispania kina mgogoro. Ferdinand VII alifariki Septemba 1833 akaacha binti ambaye hajatimiza miaka mitatu, na Carlos, ndugu wa marehemu, akakataa kumtambua. Poprishchin anawaza: dola haiwezi kukaa bila mfalme, kwa hiyo mfalme yupo, ila amefichika mahali. Hadi hapo sioni ubaya wowote kwenye hoja. Tarehe 8 anaandika tena kwamba muda mwingi alikuwa kitandani, macho wazi, akiwaza mambo ya Hispania. Siku inayofuata kwenye daftari ni 43 Aprili, mwaka 2000: mfalme amepatikana, naye ni yeye.

Kilichonishika ni kinachokuja baadaye. Mjumbe wa ofisi anafika kumwambia aende kazini, kwa kuwa zimepita wiki tatu na zaidi hajaonekana. Wiki tatu! Muda wote huo hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Hapana bwana, wewe si mfalme, njoo tule." Nilikuwa nimeitafsiri sentensi hiyo mbiombio kama habari ya ofisi. Sisi kwa baba mdogo tulichukua zaidi ya wiki tatu.

Kanuni niliyojiwekea kwa rasimu mpya: kila sentensi baada ya 43 Aprili iwe ile ambayo karani mwenye akili timamu angeiandika kama kweli angekuwa mfalme wa Hispania. Akisaini karatasi ya ofisi kwa jina la Ferdinand VIII, mkono wake usitetemeke. Akikata sare yake mpya kwa mkasi apate joho la kifalme, aeleze kama fundi cherehani. Hata anaposema Hispania na China ni nchi moja, atoe ushauri wake kwa upole: andika Hispania kwenye karatasi, itatokea China. Kinachovunjika ni tarehe peke yake.

14 Aprili: Miezi

Kama tarehe ndizo zinazobeba mzigo, basi lazima ziwe sawa. Hizi ndizo zilizonisumbua.

Mwezi wa kubuni, uliochanganya Machi na mkia wa miezi ya mwisho wa mwaka. Nilianza na "Machi-Oktoba", kila mtu akasoma kwamba ni kipindi cha kuanzia Machi hadi Oktoba. Nikajaribu "Machemba", kutoka Septemba na Novemba, na sauti yake niliipenda sana. Lakini Machemba ni yule kiongozi wa Wayao aliyemwandikia Mjerumani von Wissmann barua kwa Kiswahili mwaka 1890, akikataa kumtii. Jina lake haliwezi kupita kimyakimya kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Nimebaki na "86 Machitoba".

Chini ya tarehe hiyo ameandika kwamba ni kati ya mchana na usiku. Kwetu hapo katikati pana jina, ni magharibi, watu wanaswali. Sasa inasomeka "Si mchana, si usiku."

Mwaka 2000 ulikuwa mbali mno kwa wasomaji wa 1835. Kwetu ni mwaka ambao wengi wanakumbuka walikuwa wapi. Niliuhamisha hadi 3000, nikakaa nao wiki moja, nikaurudisha. Siku ya 43 ya Aprili inatosha kuonyesha amefika wapi.

28 Aprili: Steshenari

Nilipeleka faili ikachapwe: kurasa 34 kwa shilingi 200, jumla 6,800. Nikaiacha nikaenda kazini. Jioni nimefungua nikakuta "13 Aprili". Kijana aliyekuwa kwenye mashine aliona 43, akajua mteja amekosea, akanisaidia. Februari 30 ya Madrid akaifanya 28. Kwenye siku ya mwisho Gogol amevuruga herufi zote na mwezi ameupindua juu chini. Mimi nilikuwa nimeandika "Ta 34 rehe, Mzi kamwa", halafu Februari iliyopinduliwa, halafu 349. Yeye akadhani faili imeharibika, akaweka "Tarehe 34, mwezi wa Februari".

Alivifanya vyote kwa roho safi, na nilipomweleza alinyamaza, akauliza, "Kwa hiyo mwenyewe hajui leo ni tarehe ngapi?" Nikamwambia hajui. Akasema, "Basi hapo nimemharibia." Tumechapa upya, 6,800 nyingine, nimelipa mimi kwa sababu sikuacha maelezo. Anayenifuata aweke karatasi ya juu yenye orodha ya makosa ambayo si makosa.

Februari ya kupindua imegoma. Kwenye kompyuta yangu inaonekana, kwenye mashine yake inatoka visanduku vitupu. Tumeacha nafasi wazi.

5 Mei: Shangazi

Nilimsomea yote, saa moja na nusu, barazani kwake. Alikuwa anachambua mchele.

Tulipofika kwa Mavra, anayepiga makofi kwa hofu anapoambiwa mbele yake amesimama mfalme wa Hispania, shangazi alisema, "Huyu naye aliogopa nini. Mimi nilikuwa namwambia baba yako mdogo, 'Haya, mkubwa, karibu mezani,' anakuja anakula." Sikuwahi kulijua hilo.

Mahali alipoacha mchele ni karibu na mwisho. Poprishchin amefungiwa, anapigwa kwa fimbo, anamiminiwa maji baridi kichwani, naye anaamini yuko Hispania mikononi mwa Baraza la Kuhukumu Wazushi. Amejificha. Anayemtafuta anaita: Poprishchin! Kimya. Anaita tena kwa jina la kwanza na la baba, kwa daraja lake, kwa uungwana wake. Kimya. Kisha: Ferdinand wa Nane, mfalme wa Hispania! Hapo anakaribia kutoa kichwa, anajizuia, anakumbuka maji.

Mimi nilikuwa nimeiunganisha miito hiyo kwenye mstari mmoja. Shangazi akaniambia nirudie, kisha nirudie tena, polepole. "Wamemwita kwa majina yake yote," alisema. "Siku zote hizo hawakumwita, wanamwita leo wakitaka kumpiga." Nimeliwekea kila jina mstari wake, na kati yake nimeweka "Kimya" peke yake. Ndiyo sahihisho kubwa kuliko yote ya mradi huu, na halikunigharimu shilingi.

Kichwa cha hadithi pia ametoa yeye. Nilikuwa na "Shajara ya Kichaa". Akasema kichaa ni neno la kumtupia mtu jiwe. Neno la Kirusi, ukilifungua, ni mtu aliyeshuka kutoka kwenye akili yake, kama anayeshuka garini. Kwetu ni akili inayomruka mtu, yeye anabaki palepale. Tumechukua "Maandishi ya Aliyerukwa na Akili".

19 Mei: Nakala 12

Mstari wa mwisho umebaki kama ulivyo. Poprishchin anamlilia mama yake amwokoe mwanawe, na pumzi hiyohiyo anauliza kama tunajua kwamba Dei, yaani mtawala, wa Algiers ana nundu chini ya pua. Mwalimu alitaka nimalizie kwa mama. Nimekataa. Wafaransa waliiteka Algiers mwaka 1830, Dei akaondolewa. Hadithi inapotoka hakuna tena Dei wa kuwa na nundu. Poprishchin anaishia na mtawala mwingine asiye na kiti.

Gharama zilizobaki: fotokopi nakala 12, kurasa 34 kwa shilingi 100, jumla 40,800. Baindi ya springi kwa 2,500 kila moja, 30,000. Mwalimu nimemmalizia nusu yake. Ukijumlisha tangu Januari ni 151,000, na bando la intaneti sikulihesabu.

Leo nimemaliza ile nafasi iliyoachwa wazi. Njia iliyofaulu ni kalamu ya bluu na meza ya jikoni: unafungua ukurasa wa mwisho, unageuza kitabu juu chini, unaandika "Februari" kwa mwandiko wa kawaida, bila kupamba, unapuliza wino ukauke, unakirudisha kitabu kilivyokuwa. Nakala ya kwanza niliandika kubwa mno ikagusa 349. Kumi na moja zilizofuata zimekaa sawa. Shangazi amechagua ile ya kwanza.